Fundi wa Kanda

Mtajie Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton au Boney M mtu wa makamo wa Njombe, hatakuuliza ni akina nani. Ataanza kuimba, na Kiingereza kitakapomkwama atajazia kwa mluzi. Wengi hawakuzipata nyimbo hizo kwenye santuri, na Redio Tanzania ya wakati ule ilitanguliza bendi za nyumbani. Zilipitia mkononi mwa mtu: fundi wa kurekodi kanda, mwenye kibanda chake karibu na stendi ya Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Reli ya TAZARA nayo inapita mji huo huo, kwa hiyo kanda zilimfikia kutoka kila upande.

Ulimpelekea kanda tupu na orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari. Kabla ya kugusa mashine alipiga hesabu. Kanda ya dakika 60 ina 30 kila upande, na wimbo unaokatika katikati ya kiitikio ni aibu ya fundi, hata kama orodha ni yako. Basi alikupangulia: huu mrefu uwe wa kwanza, huu wa dakika mbili na nusu ukazibe mwisho.

Kisha alizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye spiriti na kufuta hedi, kile kichwa cha mashine kinachogusa utepe, mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia. Sauti ikiwa imefifia alichukua bisibisi nyembamba, akageuza skrubu ya pembeni ya hedi kidogo sana, sikio likiwa kwenye spika. Alisubiri ile “s” ya mwimbaji ichomoze kali. Huenda hakujua maana ya neno lililoimbwa, lakini herufi zake alizisikia kuliko mwalimu wa Kiingereza.

Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ina utepe usiofika upana wa milimita 4, unaotembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kila ukiinakili, sauti za juu hupungua na ule mlio wa “shhh” huongezeka. Kanda nyingi za Makambako zilikuwa nakala ya nakala. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi: alijua wimbo upi utastahimili. Jim Reeves alistahimili. Mwaka 1957, aliporekodi “Four Walls” chini ya Chet Atkins, alisogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni na kushusha sauti, vyombo vikabaki nyuma. Sauti ya namna hiyo haidai spika kubwa. Iweke kwenye redio kaseti ndogo, usiku wa Julai, baridi ya Njombe ikiwa imewafungia watu ndani, itakufikia yote. Betri zikichoka mwendo ulipungua, Reeves akazidi kuwa mzito, na wapo waliompenda hivyo zaidi. Kesho yake betri zilianikwa juani.

Kenny Rogers naye alipita kwa sababu husimulia kisa, na kisa hushika hata nusu ya maneno ikipotea. Kundi la Queen lilipata taabu. Mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, 1946, kwa hiyo ningetamani kusema tofauti. Lakini “Bohemian Rhapsody” ya 1975 inakaribia dakika 6, na sauti zake zilirundikwa moja juu ya nyingine mara nyingi hivi kwamba wenyewe walisimulia jinsi utepe ulivyochakaa ukaanza kupitisha mwanga. Nakala ya tatu ya wimbo kama huo ni uji.

Wenye nyimbo hawakulipwa hata senti, hilo lisifichwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999, kazi hii ya kunakili ilikuwa imeshazoeleka muda mrefu.

Siku hizi kijana wa kibandani anakujazia flashi nyimbo mia kadhaa kabla hujamaliza soda. Hakuna kinachofifia, kwa hiyo hakuna anayechagua. Kwenye basi la Makambako kwenda Njombe nyimbo zinafuatana kwa alfabeti, Boney M baada ya Bee Gees, na dereva anaruka moja baada ya nyingine kwa kidole. Mimi naona hapo kuna kazi iliyoachwa bila mwenyewe.

Kama una kanda za zamani huku nyanda za juu, huenda zina ukungu. Usizitumbukize redioni moja kwa moja, italiwa kanda yote. Ingiza kalamu ya Bic kwenye kijitundu cha kanda, zungusha taratibu mpaka mwisho, kisha uirudishe kanda mwanzo. Futa hedi kwa spiriti kabla ya kupiga, na uifute tena ukimaliza upande wa kwanza.