Wimbo Usio Pambo: Kutoka Leningrad hadi Kamiriithu

Tarehe 28 Januari 1936 gazeti la Pravda la Moscow lilichapa makala isiyo na jina la mwandishi, yenye anwani ya Fujo Badala ya Muziki. Mlengwa alikuwa Dmitri Shostakovich, na opera yake ya pili, Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk, iliyokuwa ikijaza kumbi tangu Januari 1934. Siku mbili kabla ya makala hiyo Stalin aliitazama, akaondoka kabla ya tamati. Opera ikateremshwa jukwaani. Mtunzi akaja kuirekebisha na kuirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Katerina Izmailova; lakini hadi kufa kwake mwaka 1975 hakukamilisha opera nyingine ya uzito ule.

Kwa nini dola lenye majeshi liogope sauti za waimbaji? Jawabu limo katika muziki wenyewe. Katerina ni muuaji, lakini mtunzi amempa yeye sauti yenye huruma, na waliomzunguka akawapa muziki wa dhihaka. Polisi wanapoingia, ala ndizo zinazowacheka kabla mtazamaji hajacheka. Pale wimbo si pambo la hadithi. Wimbo ndio unaohukumu.

Afrika Mashariki inao ushahidi wake. Tarehe 2 Oktoba 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na vibarua walianza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kiwanja kilikuwa wazi, kimejengwa na wanakijiji wenyewe, na wazee walisahihisha lugha na nyimbo katika mazoezi. Mwezi wa Novemba leseni ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kundi lilifanya mazoezi ya Maitũ Njugĩra, mchezo uliojaa nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Likanyimwa Ukumbi wa Taifa, na mwezi wa Machi jukwaa la Kamiriithu likabomolewa.

Kigũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, anashawishiwa na tajiri Kĩoi afunge ndoa ya kanisani. Anakopa kwa dhamana ya shamba, na shamba linakwenda. Kisa ni chepesi, na Kĩoi ni mwovu asiye na kivuli. Kinachouinua mchezo ni gĩtiiro, malumbano ya nyimbo za harusi ya Kigĩkũyũ, ambamo upande mmoja huuliza na wa pili hujibu. Harusi ya jamii ikiimbwa namna hiyo, harusi ya mkopo haihitaji kulaaniwa kwa hotuba: imekwisha kufedheheka. Wapenzi wa malumbano ya mashairi katika pwani watautambua ufundi huo mara moja. Udhaifu unakuja mwishoni, pale wimbo unapoitisha umoja kwa maneno ambayo matukio yamekwisha kuyasema. Hapo wimbo umeacha kutenda, umeanza kuhubiri.

Tamthilia hiyo ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Ni hisani kubwa kwa wasomaji, lakini inafunua tatizo ambalo kila mfasiri wa shairi analijua. Maneno hupanda chombo na kuvuka. Mahadhi hubaki ufukweni. Msomaji wa Unguja au Lamu anayekuta wimbo umechapwa bila sauti yake ameshika kibuyu, hajaonja maji.

Dawa si kuiga nyimbo za Limuru. Chukua mfano wa Kasansa, katika nchi ya Mpimbwe, Bonde la Rukwa, mkoani Katavi, mbali na kila ukumbi wenye pazia. Katika nchi hiyo Wapimbwe wanaishi pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Wasukuma wanayo bugobogobo, ngoma ya majembe, na wigashe, inayochezwa kwa kuketi; Wapimbwe nao wana zao. Kisa cha shamba lililoponyoka mkononi hakihitaji kufafanuliwa kwa mkulima. Kikichezwa huko, nyimbo za Kamiriithu hazina budi kuondoka ili za wenyeji zishike kazi ile ile ya kuuliza, kujibu na kuhukumu. Huko ndiko kufasiri tamthilia ya muziki.

Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025, akiwa ameiona kazi yake ikirudi jukwaani. Kiswahili, chenye malenga wengi kuliko kumbi, bado kinadaiwa zamu yake. Maneno kinayo tangu 1982. Kilichobaki ni kuyatafutia waimbaji.