Glita Imeufunika Mkasi

Glita ile haikuhitajika. Mlioutazama mfululizo wa kolaji wa msanii Wangechi Mutu wa mwaka 2006, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, mnajua nalenga wapi: kurasa za zamani za tiba zenye michoro ya mfuko wa uzazi, na juu yake macho, midomo na ngozi vilivyokatwa majaridani, hadi uso wa mwanamke ukachomoza kwenye ugonjwa. Karatasi imechaguliwa vizuri, mkasi ni wa fundi. Kisha ikamwagwa glita.

Kolaji ya mwili inasimama kwa kingo zake. Picha inapoishia na mchoro wa daktari unapoanzia, hapo ndipo jicho hushtuka: huyu ni mtu au ni kielelezo cha darasani? Glita inapaziba hapo hapo. Inaurudisha mwanga kabla jicho halijafika tabaka la chini, na tabaka tatu zinasomeka kama moja. Kolaji ikichapwa kitabuni ndiyo hasara zaidi, kwani mng'ao hupotea yakabaki madoa. Watetezi wake watasema inaukejeli urembo wa majarida. Lakini kejeli hiyo midomo iliyokatwa ilishaimaliza; kuirudia ni kumdharau mtazamaji.

Msanii mwingine wa kolaji, Hannah Höch, hakuteleza hapa. Katika mfululizo wake wa From an Ethnographic Museum, alioufanyia kazi tangu miaka ya 1920, alichanganya picha za vinyago na miili ya wanawake, na kila mkato akauacha wazi. Omar Said Bakor wa Lamu naye aliunganisha picha studioni kwake bila kompyuta, na kiungo kikabaki kiungo.

Hapa Mbinga nimelisema hili mpaka nimewachosha. Studio moja ya mjini ilikitoa kichwa cha marehemu, mvuvi wa Liuli, ikakipachika kwenye suti ya mtu mwingine na kuitia shingo ukungu. Familia ikapewa mgeni. Wakati mwalimu tunaye Umatengo: mkulima wa ngolo hulaza nyasi kwa miraba, akazifukia kwa udongo, na miraba yake bado unaiona mlima mzima.

Mutu ni msanii mkubwa; sanamu zake za shaba zilizowekwa mwaka 2019 mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, hazina mjadala. Ndiyo maana kosa lake linaigwa. Vijana mnaoanza kolaji, nunueni mkasi mkali. Glita waachieni wa kadi za harusi.