Ushindi wa Helldivers 2 haukufika kwetu

Benzangu, kila mara watu wanapotaka kuonyesha nguvu ya wachezaji mbele ya makampuni makubwa, mufano ni ule ule: Helldivers 2, Mei 2024. Kampuni ikasukuma, wachezaji wakakataa, kampuni ikarudi nyuma kwa siku chache tu. Hadithi nzuri. Lakini mimi naona wanaikata kabla haijaisha.

Kwa wale hawakufuata: muchezo ulitoka Februari 8, 2024, kwa PlayStation 5 na kwa kompyuta kupitia Steam, dola 40. Arrowhead ya Suedi njo iliuunda, Sony njo iliutoa. Ukurasa wa duka ulisema toka mwanzo kwamba unahitaji akaunti ya PSN, mutandao wa Sony. Juu ya matatizo ya mashine siku za kwanza, watu waliruhusiwa kuruka hatua ile. Mei 3, Sony ikatangaza: kila mutu wa kompyuta aunganishe akaunti, mwisho Juni 4.

Sasa, PSN haiko kila pahali. Kongo haimo, Rwanda haimo, Tanzania haimo, Kenya haimo. Walituuzia nyumba bila shida, kisha wakatuambia tupite mulango ambao kwetu haujajengwa. Muchezo ukatolewa sokoni katika nchi na maeneo 177.

Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yakaandikwa Steam. Mukubwa wa Arrowhead, Johan Pilestedt, akakubali mbele ya watu kwamba sharti hilo alilijua miezi sita kabla ya muchezo kutoka (hapo namusifu, wakubwa wachache wanafanya vile). Mei 6, Sony ikaacha. Studio hata ikatengeneza joho la ndani ya muchezo lenye mistari ya maoni yale mabaya. Kichekesho kizuri, kusema kweli.

Na zile nchi 177? Aliyekuwa amekwisha kununua aliendelea kucheza, sawa. Lakini duka halikufunguliwa pamoja na tangazo. Mwaka 2024 ukaisha, nyingi zingali zimefungwa. Shida yetu ilikuwa hoja yao kali kuliko zote, waliitaja kila pahali. Walipopata chao, makelele yakapoa.

Mutaniambia: danganya nchi, andika Ubelgiji, kila mutu anafanya vile. Ni kweli. Mimi mwenyewe, kwenye duka lingine, nimeishi Liège miaka miwili bila viza. Lakini masharti yanaomba nchi ya kweli. Siku wataamua kukufunga, utaenda kulia wapi, na kwa anwani gani? Michezo yote uliyolipa imesimama juu ya uongo moja mudogo, na ni wewe utakuwa mukosaji, si wao.

Mei 2024 walisema akaunti ni kwa usalama wa wachezaji. Januari 2025, Sony ikasema si lazima tena kwa michezo yake kadhaa ya kompyuta, kati yao God of War Ragnarök. Usalama ule ulienda wapi? Juzi nikafungua tena orodha ya nchi za PSN, nikashuka mpaka herufi C. Colombia, kisha Costa Rica.