Hirizi za fotokopi: saba imekuwa nane

Muhuri na talasimu si kitu kimoja, ingawa vyote huchongwa juu ya akiki ao fedha. Muhuri unachongwa kinyume, kusudi ukigandamizwa kwenye nta ao wino maandishi yatoke sawa. Talasimu inasomwa palepale ilipo. Ndugu msomaji ukiona pete ya zamani, angalia hapo kwanza. Pete ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa muhuri wa fedha wa mistari mitatu: Muhammad, Rasuli, Allah. Ilianguka katika kisima cha Arisi, Madina, wakati wa khalifa Uthman, watu wakaitafuta bure.

Huku kwetu, kwenye ile njia ya misafara ya Kabambare hadi Kasongo ya Tippu Tip, hirizi tunayoijua ni karatasi, wino na ngozi ya kushonea. Haiko duni kwa sababu hiyo. Kazi ni ileile, hesabu ni ileile.

Njo hapo penye uchungu. Siku hizi zinauzwa za fotokopi. Mama mumoja alinifungulia ya mtoto wake mwenye homa. Ndani iko ile khatimu ya nyumba tisa, 5 katikati, 2, 4, 6 na 8 kwenye pembe: kwa abjadi ni ba, dal, wau, ha, ndiyo maana wazee wanasoma «buduhu». Kila mstari, wima, ulalo ao pembe kwa pembe, unatoa 15. Sasa, 7 ya Kiarabu iko kama V, na 8 ni V iliyopinduliwa. Mwandishi amepindua. Nane mbili, saba hakuna! 3, 5 na 8: 16.

Kuna wanaosema hirizi zote ni shirki. Wengine wanakubali aya za Kurani tu. Hayo niwaachie mashehe. Mimi minaona ubaya wa kazi. Mchongaji wa akiki akikosea, jiwe limeharibika, basi anahesabu kwanza. Huyu wa fotokopi kosa halimugharimu kitu, analizidisha mara mia na kuliuza.

Nilimurudishia karatasi, saba nimeiandika kwa biki pembeni. Akauliza kama sasa itafanya kazi. Nikamwambia apeleke mtoto hospitali kwanza, leo hii, mbele ya jua kuzama.