Nta, mchanga na paji la uso: medali za David d'Angers

Mchongaji Mfaransa Pierre-Jean David, aliyejiita David d'Angers kwa jina la mji wake, alitengeneza medali zaidi ya 500 za sura za watu wa zama zake: Victor Hugo, Paganini, Goethe, hata Padri Grégoire aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Si za kuvaa kifuani. Ni visahani vya shaba iliyochanganywa na bati, bati ileile ambayo mawe yake huchimbwa Walikale.

Kazi ilianzia kwenye nta, juu ya kibao cha sleti, jiwe lililokuwa likichimbwa Angers tangu zamani hadi mwaka 2013. Sleti hupasuka bapa na laini. Jiwe letu la volkano ya Nyiragongo, lenye vitundu vya mapovu ya gesi, lingeing'ang'ania nta na kuharibu mstari wa pua. Kutoka kwenye nta ilitolewa kalibu ya plasta, kisha sura ya plasta ikagandamizwa kwenye mchanga na madini yakamiminwa. Anayesubu sufuria za alumini chakavu angeielewa hatua hiyo bila mkalimani.

Karibu wote aliwachonga kwa upande. Aliona kwamba uso wa mbele hukutazama, ilhali wa upande hata haukuoni. Lakini ipo sababu ya kifundi pia: kwenye unene mdogo hivyo, pua inayokuelekea itabondwa, ila ya upande hulala yote juu ya kibao, na mstari wake ndio unaomtambulisha mtu. Yaliyobaki ni kazi ya kivuli. Itundike medali kama hiyo Goma kwenye ukuta unaotazama mashariki: asubuhi jua linaipiga usoni, sura inafifia; likikaribia utosini, mwanga unateleza ukutani na kila unywele unajitokeza.

Kasoro ya David ni paji la uso. Aliamini elimu ya kusoma akili kwenye umbo la fuvu, na kichwa kikubwa cha Goethe, alichokichonga baada ya kumtembelea Weimar mwaka 1829, kina paji lililovimba kupita kiasi. Sisi wa Maziwa Makuu tunajua upimaji wa vichwa na pua uliwagawa vipi watu mikononi mwa wakoloni Wabelgiji. Kwenye medali, angalau, mstari wa pembeni ulimbana: akizidisha paji, pua na kidevu vinamsuta papo hapo. Ndiyo maana nazipa medali daraja la juu kuliko vichwa vyake vya marumaru.