Sifa ya Mkaguzi wa Meli za Chuma

Zikisifiwa meli za mvuke za enzi ya Malkia Victoria, hutajwa mhandisi Isambard Kingdom Brunel na meli yake Great Britain ya mwaka 1843, hutajwa na viwanda vya meli vya mto Clyde. Aliyeshuka ngamani na taa na nyundo, akagonga ribiti moja moja, akapima mabamba, kisha akaenda kujaza fomu, hatajwi. Nasema yeye naye alikuwa fundi, na ufundi wake haukuwa jicho kali tu, bali kujua ni lini atazame. Ubao uliooza hujitangaza: ukiuchoma kwa kisu, kisu huzama. Chuma kinajua kuficha. Bamba lililoliwa na kutu kwa ndani linaweza kuwa limepakwa rangi nzuri kwa nje, na ribiti iliyolegea ina kichwa sawa na cha ribiti iliyokaza. Meli ikishakamilika na kushuka majini, nusu ya maovu yake yamekwisha kuzikwa chini ya saruji, mbao za sitaha na rangi.

Chama cha Lloyd's Register, kilichoanzia mwaka 1760 katika mkahawa wa Edward Lloyd jijini London na kuundwa upya mwaka 1834, kilijibu tatizo hilo kwa ratiba. Meli ya chuma iliyojengwa chini ya usimamizi wake ilikaguliwa kwa hatua tano, na tarehe za kila hatua ziliandikwa. Kwanza mataruma yakiwa yamesimama, kabla ya kuvishwa mabamba. Pili wakati mabamba yanapigwa ribiti. Tatu mihimili ikiwa imefungwa, sitaha haijatandikwa. Nne meli imekamilika, lakini haijapakwa rangi ya mwisho wala saruji. Tano ikiwa majini na nanga zake. Kila hatua ni dirisha linalokaribia kufungwa, na mkaguzi alitakiwa kuchungulia kabla halijafungwa. Ndiyo maana fomu yake haikuishia kwenye urefu, upana na unene wa mabamba kwa sehemu za 16 za inchi. Ilimuuliza kama matundu ya bamba moja yanalingana na ya mwenzake, kama midomo ya matundu ya nje imepanuliwa vya kutosha, kama kuna ribiti iliyopasua ukingo wa bamba. Maswali hayo yanaonekana madogo mpaka ujue kazi ilivyofanyika: kila bamba lilitobolewa peke yake kwa mashine, na matundu yasipokutana, mfanyakazi mwenye haraka aliyalazimisha kwa kupigilia chuma cha ncha mpaka yakatanuka. Chuma kilichanika, ribiti ya moto ikaingia ikiwa imepinda, kichwa kikafunika yote. Ukija kesho yake umechelewa.

Atatokea wa kusema kwamba hii yote ilikuwa biashara ya bima, na kwamba mwenye meli ndiye aliyelipa ada ya kukaguliwa. Ni kweli, wala si dogo. Lakini mkaguzi hakutoa daraja, yaani cheo cha ubora wa meli. Yeye alipeleka taarifa na pendekezo. Daraja lilitolewa na kamati ya London, walimokaa wafanyabiashara, wenye meli na wenye bima, watu ambao maslahi yao yaligongana. Kamati isiyoiona meli ilitegemea karatasi, na hivyo karatasi ililazimika kuwa nzito kwa ushahidi. Kwa maoni yangu, kutenganisha jicho na hukumu ndiko kulikoifanya fomu iwe kali namna ile.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kanuni zilichelewa. Kanuni za kwanza za chama kwa meli za chuma, za mwaka 1855, zilizigawia meli hizo miaka ya daraja, kana kwamba chuma huzeeka kama mwaloni. Wajenzi walinung'unika, na mwaka 1862 Liverpool ikaanzisha daftari lake la meli za chuma. Hata hivyo mfumo ulirekebishwa, na kanuni za mwaka 1870 zikaleta alama ya 100A badala ya miaka, na kufikia mwaka 1885 daftari la Liverpool likaunganishwa na la London. Kilichowezesha kurekebisha ni zile karatasi: meli ikirudi chelezoni miaka baadaye, mabamba yake yakitobolewa kupimwa yamebaki na unene gani, kulikuwa na tarakimu ya siku ya kwanza ya kulinganisha nayo.

Na zile zilizozama? Januari 1866 meli ya chuma iitwayo London, iliyokuwa haijatimiza hata miaka mitatu, ilizama katika Ghuba ya Biscay baada ya bahari kuvunja kifuniko cha chumba cha injini na maji kuzima moto. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ukaguzi wa ribiti haumzuii tajiri kupakia shehena kupita kiasi, wala hautulizi dhoruba. Kwa hilo ilihitajika sheria, na Samuel Plimsoll alipigana mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha alama ya mzigo ubavuni mwa meli. Kumlaumu mkaguzi kwa shehena asiyoipakia si haki; kumsifu kana kwamba aliokoa kila baharia pia si kweli.

Wasomaji wa pwani yetu wana sababu ya kujali. Tangu mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilileta barua Zanzibar kwa meli za mvuke, na waliopanda hawakuwa na njia ya kuona mataruma. Leo taarifa nyingi za wakaguzi hao zimehifadhiwa na wakfu wa Lloyd's Register na kuwekwa kwenye intaneti, zisomwe bure. Ukizifungua, usikimbilie jina la meli wala picha yake. Anza na maswali ya ribiti.