Juu ya Kanuni ya «-li-» katika Kufundisha Kiingereza

Katika shule nyingi za pande hizi za Rulenge, na hata mbali zaidi, mwalimu afundishaye wakati uliopita wa Kiingereza huanza kwa kanuni moja fupi: palipo na -li- tia «-ed», palipo na -me- tia «have». Kanuni hii hushikwa upesi, nayo ina sehemu ya kweli, kwani «alifanya kazi» ni «he worked» pasipo shaka. Lakini twaona ya kuwa mwanafunzi akiitegemea peke yake itampoteza, na yafaa tuipime kwa mifano.

Kwanza, -me-. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alieleza ya kuwa kiungo hiki huonyesha tendo lililotimia pamoja na hali iliyobaki baada yake. Ndiyo maana «amelala» huwa «he is asleep», na «amechoka» huwa «he is tired», wala hapana «have» hata kidogo. Tena mtu aliyemwona mwenzake asubuhi aweza kusema jioni, «Nimemwona asubuhi». Kiingereza hutaka «I saw him this morning», kwa sababu asubuhi imekwisha.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Lugha zetu nyingi hupima umbali wa tendo. Katika Kihaya tendo la leo lina umbo lake, la jana lake, na la kabla ya jana lake. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza, hutenga tendo la leo na lile la jana na kurudi nyuma. Kiingereza hakipimi umbali. Huuliza tu kama wakati unaotajwa umekwisha. Tendo la saa moja iliyopita na la miaka elfu iliyopita hupata umbo moja. Mtoto asiyeambiwa hivyo hutafuta mpaka wa jana mahali usipokuwapo.

Pili, -ka-. Twasema: «Alikwenda sokoni, akanunua chumvi, akarudi.» Kiungo -li- kimetajwa mara moja, na -ka- huyachukua matendo yaliyobaki. Mwanafunzi huandika «He went to the market, buy salt and return», wala si kwa uvivu. Amefuata desturi ya lugha yake. Kanuni yetu haimwambii neno juu ya matendo hayo mawili, maana hamna -li- ndani yake. Yapasa aambiwe waziwazi ya kuwa Kiingereza hudai alama ya wakati katika kila tendo: went, bought, returned.

Tatu, kukanusha. Kosa la «he did not went» hukemewa kila siku pasipo kuelezwa, na hali Kiswahili chenyewe kina dawa yake. Tukikanusha «alilima» twasema «hakulima». -Li- hutoka na -ku- huingia, wala hakuna asemaye «hakulilima». Vivyo hivyo «did» huubeba wakati, na tendo hurudi katika shina lake: «he did not go». Mtoto akionyeshwa mambo haya mawili pamoja huelewa bila kukemewa.

Wengine watasema haya ni mambo madogo ya herufi. Sivyo. Katika sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa historia akiandika «The Germans rule this country» amesema Wajerumani watawala hata leo, ingawa utawala wao ulikoma katika vita vya 1914 hadi 1918. Hupunguziwa alama, naye hudhani hajui historia, kumbe aijua. Amekosa herufi moja tu. Na herufi hiyo ni ngumu kuisikia, kwani «worked» huishia kwa sauti ya t, «ruled» kwa d, na «wanted» ndiyo iongezayo silabi. Sikio lililozoea maneno yaishayo kwa vokali huipita.

Basi hatusemi kanuni ya -li- itupwe. Na iwe hatua ya kwanza tu, isiwe ya mwisho. Walimu wenzetu na wawape wanafunzi hadithi nzima waitafsiri badala ya neno moja moja, tena wawaulize jinsi wasemavyo matendo ya leo na ya jana katika Kishubi na Kihangaza cha nyumbani. Majibu hayo yatamwonyesha mwalimu mahali makosa yatokapo.